Masomo ya bure: mzigo umetoka mgongoni mwa mzazi, lakini umetua wapi?

Watoto walioingia mwaka wa kwanza wa shule ya msingi Septemba 2019 walifika mwisho wa mwaka wa sita katikati ya 2025, kama vita, njaa ama kuhama hakukuwakatiza njiani. Ndio kizazi cha kwanza cha Congo, tangu prime ianze, kilichopaswa kusoma shule yote ya msingi ya serikali bila mzazi kuombwa prime. Wakubwa wao walifukuzwa asubuhi mbele ya wenzao kwa sababu mwezi ulifika tarehe 15 na baba hakuwa amelipa.

Kwa jamaa nyingi za Kivu, Ituri, Maniema, Tanganyika na Katanga, ule ndio mgeuko mkubwa zaidi ambao serikali ilifikisha ndani ya nyumba zao kwa muda wa zaidi ya miaka 25. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi, wakiuza karanga ama wakibaki na wadogo wao nyumbani waliingia darasani. Serikali imekuwa ikitaja watoto zaidi ya milioni 4 walioingia ama kurudi shuleni kwa sababu ya masomo ya bure.

Lakini miaka sita hii imefundisha jambo lingine. Kufuta malipo ni kazi ya siku moja. Kujenga njia mpya ya pesa, itakayomfikia mwalimu wa Shabunda sawa na wa Kinshasa, ni kazi ya miaka, na bado haijaisha. Pale ambapo njia hiyo haijafika, tofauti kati ya mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri imerudi kwa mlango mwingine.

Prime ilitoka wapi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Zaire ilishindwa kulipa watumishi wake. Maduka na viwanda viliporwa Septemba 1991, kisha tena Januari 1993. Pesa ilipoteza thamani siku kwa siku, na mshahara wa mwalimu ukabaki jina tu. Walimu waligoma kwa muda mrefu, na shule zikafungwa.

Ili milango ifunguliwe, makanisa yalipatana na wazazi. Makanisa hayo ndiyo yanasimamia sehemu kubwa ya shule za serikali, kufuatana na mapatano waliyotia sahihi na serikali tarehe 26 Februari 1977. Mzazi alikubali kutoa kitu kwa mwalimu, kwa muda, mpaka serikali isimame tena. Kitu hicho kiliitwa prime ya kutia mwalimu moyo.

Serikali ilisimama tena, uchaguzi ukafanywa, marais wakabadilika, lakini prime ikabaki. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema wazi kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Sheria ya masomo ya Februari 2014 ilirudilia jambo hilo. Hata hivyo, kati ya maandiko ya 2006 na utekelezaji wa 2019 ilipita miaka 13, na mtoto aliyezaliwa mwaka wa Katiba alipitia shule yote ya msingi akilipiwa na wazazi wake.

Bei moja, uzito tofauti

Wengi waliona prime kuwa jambo la haki, kwa sababu kila mzazi wa shule moja alilipa sawa. Hesabu ndogo yaonyesha kwamba haikuwa hivyo. Tuseme jamaa moja ina watoto 5, na shule inaomba dola 5 kwa mwezi kwa kila mtoto. Ni dola 25 kwa mwezi, na dola 250 kwa miezi 10 ya masomo. Mfanyakazi wa shirika kubwa anaitoa pesa hiyo bila kukosa usingizi. Kwa anayesukuma chukudu, kwa mama anayeuza mboga sokoni ama kwa mkulima anayengoja mavuno ya maharagi, ni pesa ya chakula cha nyumba nzima.

Ndipo jamaa ilipaswa kuchagua. Mara nyingi mvulana alitangulia, msichana akangoja. Mara nyingine mtoto mmoja alisoma mwaka huu, mwingine mwaka ujao. Kuna waliokopa ndani ya AVEC ama MUSO ya kartie, wakalipa prime kwa deni na deni kwa deni lingine. Mtoto aliyekatiza mara mbili ama tatu alijikuta na miaka 13 katikati ya watoto wa miaka 9, na haya ikamtoa darasani kabisa.

Tofauti nyingine ilikuwa kati ya shule na shule. Katikati ya mji, shule yenye wazazi wenye uwezo ilikusanya prime kubwa, ikavuta walimu wazuri, ikanunua vitabu na mabati. Kijijini, ambako wazazi walileta pesa kidogo ama bakuli la mihogo, mwalimu alifundisha nusu ya siku na kwenda shambani nusu ya pili. Zote mbili ziliitwa shule za serikali, lakini ubora wa kila moja ulifuata mifuko ya wazazi walioizunguka.

Pesa iliyopanda ngazi

Jambo ambalo wazazi wengi hawakuliona ni safari ya pesa yao baada ya kutoka mkononi. Sehemu ya malipo ilibaki shuleni, kwa mwalimu na kwa direkta. Sehemu nyingine ilipanda: kwenda ofisi ya masomo ya teritware, kwenda kordinasyo ya kanisa, kwenda divizio ya jimbo, na hata mbali zaidi. Ofisi nyingi hazikupata pesa ya kazi kutoka Kinshasa. Ziliishi kwa kile mtoto alicholeta asubuhi ndani ya daftari lake.

Hivyo mtoto maskini wa Congo ndiye aliyebeba ngazi nzima ya utawala wa masomo. Kwa kawaida pesa ya serikali hutoka juu, kwenye kodi za wenye mali, na kushuka mpaka kwa mtoto. Hapa ilitoka kwa mtoto na kupanda mpaka kwa wakubwa.

Hii ndiyo sababu wito wa huruma haukutosha kamwe. Kulikuwa na madirekta wema waliosamehe watoto wa wajane na mayatima. Kulikuwa na mapadri, wachungaji na mashirika waliolipia mamia ya watoto. Kila mwaka waliwasaidia wachache, na kila mwaka mpangilio ulifukuza wengine. Direkta aliyesamehe wengi alikuwa na deni la kutuma sehemu ya juu, na ofisi ya juu haikujua huruma yake.

Kilichogeuka 2019

Agosti 2019, wakuu wa masomo, sendika za walimu, wazazi na wafadhili walikutana Kinshasa kuzungumzia namna ya kutekeleza kifungu cha 43. Septemba, mwaka wa masomo ulipofunguliwa, Rais Félix Tshisekedi, aliyekuwa madarakani tangu Januari, aliamuru masomo ya bure yaanze. Mwaka uliofuata, Juni 2020, Banki ya Dunia ilikubali msaada wa dola milioni 800 kwa kazi hiyo.

Matokeo ya kwanza yalionekana kwa macho. Darasa zilijaa. Mahali pengi watoto walikaa watano kwenye benchi moja, wengine chini. Shule zikaanza kugawa siku, kundi moja asubuhi na lingine mchana.

Congo haikuwa peke yake. Uganda ilifungua shule za msingi bila malipo mwaka wa 1997, Kenya mwaka wa 2003, Burundi mwaka wa 2005. Kote huko watoto walikuja wengi kuliko darasa na walimu waliokuwepo. Msongamano ule ulionyesha idadi ya waliokuwa wamefungiwa nje. Lakini ulionyesha pia kwamba mlango ukifunguliwa, nyumba inapaswa kupanuliwa.

Mwalimu asiyejulikana na serikali

Pigo la kwanza liliwaangukia walimu. Katika miji kama Bukavu na Goma, walimu wa shule zilizokuwa na prime kubwa waliona mapato yao yakishuka. Vibaya zaidi ilikuwa hali ya wale wanaoitwa NU na NP. NU ni walimu wapya ambao karatasi zao zimefika lakini malipo yanakawia. NP ni wasiolipwa kabisa: wanafundisha kila siku, wana darasa na wanafunzi, lakini majina yao hayamo kwenye orodha ya mishahara. Zamani prime iliwaficha. Ilipoondoka, walibaki mikono mitupu.

Wakati huohuo, upande mwingine wa orodha ileile ulikuwa na majina ya watu wasiofundisha popote. Ukaguzi mkuu wa feza za serikali, IGF, ulivumbua mwaka wa 2020 walimu wa uongo na shule zisizokuwepo. Mwaka uliofuata, wakubwa wa ministeri ya masomo walihukumiwa kwa wizi wa pesa za walimu. SECOPE, ofisi iliyotunza orodha ya mishahara, ilipewa jina na muundo mpya: DINACOPE.

Walimu walijibu kwa migomo. Oktoba 2021 mgomo ulikuwa mrefu kiasi kwamba wanafunzi wa Kinshasa waliingia mpaka ndani ya jengo la Bunge kudai warudishiwe walimu wao. Mapatano yalifanywa Bibwa, pembeni ya Kinshasa. Septemba 2024 walimu wa majimbo kadhaa, pamoja na Kivu Kusini, waligoma tena wakidai mshahara unaolingana na dola 500 kwa mwezi.

Kuna pia swala la mahali. Kwa miaka mingi mshahara ulifuata zone: mwalimu wa Kinshasa ama wa makao makuu ya jimbo alilipwa zaidi kuliko mwenzake wa kijijini, mwenye diploma na miaka ya kazi sawasawa. Na wa kijijini ndiye anayetembea siku mbili ama tatu kufuata pesa yake kwenye banki ama kwa Caritas, akiacha darasa bila mtu.

Mahali ambapo mshahara haufiki, malipo yanarudi kwa majina mengine: pesa ya kuni, ya chaki, ya ulinzi, ya shukrani kwa mwalimu wa NP. Kwa sheria mzazi ana haki ya kukataa. Lakini akikataa, mwalimu anaondoka.

Ukuta umesogea mpaka mwaka wa saba

Sheria ya 2014 inahesabu elimu ya misingi (éducation de base) kuwa miaka 8: sita ya msingi na miwili inayofuata, ya 7 na ya 8. Lakini bure inaishia mwaka wa sita. Mtoto aliyemaliza mtihani wa mwisho wa msingi anakuta malipo ya sekondari yakimngoja mlangoni. Kwa watoto walioanza 2019, huo ndio mtihani mgumu kuliko ule wa karatasi.

Kwa msichana wa kijijini hatari ni kubwa zaidi. Ana miaka 12 ama 13, sekondari iko mbali, njia haina usalama, na nyumbani wanahesabu. Jamaa iliyomweka shuleni miaka sita bila malipo inaweza kumwondoa kwa muda wa likizo moja tu.

Upande wa wenye uwezo, mwendo ni wa kinyume. Walipoona darasa zimejaa, wengi waliwahamisha watoto wao kwenye shule za watu binafsi. Hatari hapa inajulikana: shule ya serikali ikibaki ya maskini peke yao, wenye sauti hawataipigania tena.

Kisha vita. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Mapema mwaka ule UNICEF ilisema shule na mahali pa kusomea zaidi ya 2 500 zilikuwa zimefungwa Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na watoto 795 000 hawakuwa wakisoma. Banki za Goma zilifungwa, na mwalimu aliyekuwa kwenye orodha alipaswa kutafuta njia nyingine ya kuufikia mshahara wake. Shule nyingi zimekuwa makao ya waliokimbia, na benchi zimekuwa kuni.

Pesa ya kulipia usawa iko wapi

Wanaotilia shaka masomo ya bure wanauliza swali la haki: nani atalipa? Katiba yenyewe ina sehemu ya jibu. Kifungu cha 204 kinaweka masomo ya msingi na sekondari chini ya majimbo, kufuatana na kanuni za nchi. Kifungu cha 175 kinasema 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayokusanywa yabaki kwenye majimbo. Kifungu cha 181 kinaunda mfuko wa kusawazisha majimbo, wenye 10 kwa mia ya mapato ya nchi, ili majimbo yaliyo nyuma yajengwe.

Kwa matendo, pesa inapanda kwanza Kinshasa, na majimbo yanangoja irudishwe. Inayorudi ni pungufu mbali na 40 kwa mia. Kwa hiyo jimbo lina jukumu la shule kwenye karatasi, lakini halina pesa ya kuongeza hata darasa moja kwa wakati.

Kuna pia madini. Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la chini ambako mgodi upo, yaani komine, sekta ama sheferi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inapaswa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyouzunguka mgodi. Mwaka wa 2018 kobalti na koltani ziliwekwa kati ya madini ya lazima kwa nchi, na ushuru wake ukapandishwa mpaka 10 kwa mia.

Lualaba na Haut-Katanga, ambako kampuni kubwa zinachimba shaba na kobalti, sehemu hizo ni pesa nyingi. Kivu hali ni nyingine. Hapa madini mengi yanachimbwa kwa mikono, na kiasi kikubwa kinavuka mipaka kwa njia za siri. Kila gunia linalopita bila ushuru ni benchi ambayo haikununuliwa. Ndiyo maana shule ya Walikale haiwezi kutenganishwa na njia ya koltani ya Walikale, ingawa mambo hayo mawili yanashughulikiwa na ofisi mbili zisizoongea.

Wanaotaka prime irudi

Sauti zinazoomba wazazi walipe tena hazijanyamaza. Hoja yao ni kwamba ubora umeshuka, mwalimu anateseka, na mzazi anayelipa ndiye anayefuatilia. Wanachokisema juu ya mwalimu ni kweli. Dawa wanayopendekeza ndiyo yenye shida, kwa sababu imekwisha jaribiwa kwa zaidi ya miaka 25. Wakati wote ule mwalimu wa kijijini hakutajirika, ofisi za juu hazikuacha kuomba, na mamilioni ya watoto walibaki nje.

Wengine wanapendekeza njia ya katikati: mwenye uwezo alipe, maskini asamehewe. Inasikika vizuri, lakini ni nani ataandika orodha ya maskini kwenye shule? Na mtoto atakayeitwa maskini mbele ya wote atakaa vipi darasani? Kuna njia ya kumlipisha mwenye uwezo bila kumwita mtoto yeyote jina: kodi inayokusanywa kweli, kwa kila mmoja kufuatana na mapato yake.

Karatasi tatu za kuomba

Usawa wa namna hii hauko mbali kama ndoto. Unajulikana kwa mambo machache: kila mwalimu anayefundisha yuko kwenye orodha, na kila jina kwenye orodha lina darasa, mwalimu wa kijijini halipwi chini ya wa mjini, mwaka wa 7 na wa 8 unaingizwa katika bure, jimbo linapata sehemu yake bila kupiga magoti, na watoto waliohama wanapokelewa shule yoyote walipo bila kudaiwa karatasi walizoacha wakikimbia.

Mambo hayo yanaamuliwa Kinshasa, Bungeni, na mahali pa mazungumzo ya amani. Lakini kuna sehemu inayoamuliwa shuleni. Kila shule ya serikali inapaswa kuwa na komite ya wazazi, COPA, na baraza la uongozi, COGES. Mahali pengi komite hizo ziliundwa wakati wa prime, na kazi yake ilikuwa kukubali bei. Sasa prime imeondolewa kisheria, nazo zimebaki bila kazi, ama zimegeuka njia ya kupitisha malipo ya siri.

Zinaweza kufanya kazi nyingine. Kwenye mkutano wa mwanzo wa mwaka, mzazi ana haki ya kuuliza karatasi tatu: orodha ya walimu wa shule, ikionyesha nani analipwa na nani ni NP, pesa ya kazi ambayo shule ilipokea kutoka serikalini na namna ilivyotumiwa, na idadi ya watoto kwa kila darasa. Kwenye eneo la madini, kuna karatasi ya nne, ya kuombwa kwa sheferi ama komine: ile 15 kwa mia imefanya nini. Shule kumi za sheferi moja zikiziweka karatasi hizo pamoja, mbunge wa jimbo hatakuwa na namna ya kusema hakujua.